Tokeni Si Yangu Kuifungua: Nilivyounganisha Maghala ya Alizeti Kongwa

Siku ya pili ya kazi, Julai 2024, nilikuwa ndani ya ghala la alizeti wilayani Kongwa, kompyuta mpakato nimeiweka juu ya gunia, nikitazama neno moja kwenye kioo: imekataliwa. Nje, chini ya mti, wakulima walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Mizigo ilikwishapimwa na uzito umeandikwa. Kilichobaki ni taasisi ya fedha iliyoko Dar es Salaam kuidhinisha malipo ya awali, na mfumo wetu ndio uliotakiwa kuomba idhini hiyo.

Mzee mmoja aliingia mara tatu. Mara ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, bado?" Mara ya pili akauliza vilevile. Mara ya tatu hakuuliza. Alisimama mlangoni, akanitazama, akarudi kivulini. Baadaye dada wa ghalani aliniambia alikuwa ameahidi kumlipa mwenye trekta siku ile.

Kilichomkalisha pale siku nzima ni kosa la mstari mmoja katika programu niliyoiandika mwenyewe, sehemu inayosoma jibu la tokeni, yaani kibali cha kidijitali cha kuingia kwenye huduma ya malipo ya taasisi ile. Nilifanya makosa mengine kabla yake, na moja kubwa zaidi baadaye. Nayaandika kwa ajili ya yule anayepewa kazi kama hii leo, yuko peke yake ofisini, na kila anayemuuliza anamjibu kwamba WS-Trust, teknolojia ya kuomba tokeni kama hizi, imepitwa na wakati.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Tuko watengenezaji programu wanne, ofisi yetu ni vyumba viwili Area C hapa Dodoma. Aprili mwaka ule chama cha wakulima kilitupa kazi ya kuunganisha maghala matatu na huduma ya wavuti ya ile taasisi. Mzigo ukipimwa, mfumo wa ghala unatuma ujumbe wa SOAP, yaani bahasha iliyoandikwa kwa XML, lugha ya kupanga data kwa alama, na taasisi inajibu ndiyo au hapana. Ila huwezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye huduma ya malipo. Unaanzia kwenye seva nyingine, kituo cha kutoa tokeni. Unajitambulisha pale, unapewa tokeni, kisha unaiambatisha kwenye kichwa cha ujumbe unaokwenda kwenye huduma.

Anayetumia LUKU, umeme wa kulipia kwanza, tayari anaijua nusu ya habari hii. Unalipa, unapata tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita. Wewe huna haja ya kujua tarakimu zile zimebeba nini ndani. Zimetengenezwa zieleweke na mita yako, na ukizipeleka kwenye mita ya jirani zitakataliwa. Tokeni ya huduma za wavuti ni hivyohivyo: imeandikwa na kituo, imeandikiwa huduma, na mimi ninayeibeba ni tarishi. Laiti ningelishika hilo moyoni tangu Aprili.

Lugha ya kuzungumza na kituo hicho inaitwa WS-Trust. Shirika la viwango la OASIS lilipitisha toleo la 1.3 mwaka 2007 na la 1.4 mwaka 2009. Chuoni nilifundishwa JSON, namna mpya zaidi ya kupanga data, na OAuth, njia mpya zaidi ya kutoa vibali, nilijifunza kazini, kwa hiyo nilipofungua nyaraka za taasisi nikakuta kurasa 60 za XML, nilihisi nimekabidhiwa mashine ya babu yangu. Lakini mifumo ya taasisi kubwa haihamishwi kila mwaka. Inafanya kazi, inalinda fedha za watu, na anayetaka kuunganishwa nayo ndiye anayepaswa kujifunza lugha yake.

Kosa la kwanza lilinigharimu siku mbili tu, nami nalitaja kwa kifupi. Mfano uliokuwa kwenye nyaraka ulionyesha jibu likianza na elementi (kipande cha XML chenye jina lake) iitwayo RequestSecurityTokenResponse. Nikaandika programu iitafute hiyo hapo juu kabisa ya mwili wa ujumbe. Haikuonekana. Ilikuwepo, ila imefungwa ndani ya nyingine, RequestSecurityTokenResponseCollection. Mfano ule ulitoka kwenye rasimu ya 2005, na seva ilikuwa ikizungumza toleo la 1.3, ambalo jibu la mwisho la kituo huwekwa ndani ya mkusanyo hata kama tokeni ni moja. Tofauti inaonekana kwenye anwani ya XML iliyo juu ya elementi: rasimu ya zamani ina 2005/02/trust, toleo la 1.3 lina ws-trust/200512. Kwa macho ya haraka majina ya elementi ni yaleyale, lakini kwa programu hizo ni lugha mbili. Itazame anwani hiyo kwenye jibu halisi la seva kabla hujaandika mstari wowote, usiiamini iliyo kwenye nyaraka.

Kosa la pili lilinilaza macho.

Nilishapata tokeni. Ilikuwa hati ya SAML, muundo wa XML wa kumtambulisha mtumiaji, iliyotiwa saini ya kidijitali na kituo. Nikaitoa kwenye jibu, nikaiweka kwenye kichwa cha ujumbe mpya, nikatuma kwenye huduma. Huduma ikajibu kwamba saini si sahihi. Nikarudia. Si sahihi. Nikabadilisha cheti, nikabadilisha maktaba ya programu, nikashuka toleo la Java, nikapanda tena. Siku tisa. Ilikuwa Mei, upepo wa Dodoma unavuma na vumbi linapita chini ya mlango. Nilikuwa nikitoka ofisini saa nne usiku, nakuta daladala za Nkuhungu zimeisha, nalipa bodaboda. Kwa wiki ile peke yake nilitumia zaidi ya shilingi 85,000 za bando na nauli kutoka mfukoni mwangu, maana nilikuwa nikipakua kila kilichoandikwa kuhusu saini za XML na niliona aibu kuidai ofisi gharama za kazi isiyosonga.

Siku ya saba nilimpigia simu kaka mmoja tuliyesoma naye, aliyewahi kuunganisha mifumo ya hospitali. Hakuniuliza habari ya cheti wala maktaba. Aliniuliza, "Dada, jibu lilivyofika kwenye waya, kabla programu yako haijaligusa, ulilihifadhi wapi?"

Sikuwa nimelihifadhi. Nilichokuwa nikikisoma kila siku kwenye logi, daftari la matukio la programu, ni jibu lililokwisha kupita mikononi mwa programu yangu.

Kesho yake niliandika mistari michache ya kuhifadhi baiti za jibu kama zilivyopokelewa, na baiti za ujumbe kama unavyotoka. Nikaikata sehemu ya tokeni kwenye mafaili yote mawili nikalinganisha. Iliyoingia: baiti 4,812. Iliyotoka: baiti 5,137. Yaani njiani, ndani ya programu yangu, tokeni iliongezeka baiti 325, na hakuna herufi hata moja inayoonekana kwa macho iliyokuwa imebadilika.

Zilikuwa nafasi. Mwezi Aprili, ili niweze kuisoma XML kwa urahisi, niliiwekea programu mpangilio wa kupanga mistari, kila elementi na mstari wake na nafasi zake pembeni. Kwa binadamu ni urembo. Kwa saini ni hati nyingine kabisa. Saini ya XML hukokotolewa baada ya hati kunyooshwa kwa kanuni maalumu, na kanuni hizo husawazisha mambo kama mpangilio wa sifa za elementi, lakini nafasi na mistari iliyo katikati ya elementi huachwa ilivyo, kwa sababu ni sehemu ya maandishi. Ukiongeza nafasi moja, hesabu yote inabadilika.

Jioni ileile nilijaribu kukwepa kwa kuikata tokeni kama maandishi ya kawaida, kuanzia alama ya kufungua mpaka ya kufunga, bila kupitia maktaba yoyote. Hapo nikaangukia shimo jingine. Vifupisho vya majina vinavyotumika ndani ya tokeni, kama kile cha xs kwenye aina za data, vilikuwa vimetangazwa juu, kwenye bahasha ya SOAP. Nilipoikata tokeni, matangazo yakabaki nyuma, na upande wa pili ukapokea hati inayotaja majina ambayo hakuna aliyeyafafanua. Njia iliyofanya kazi ni hii: kuichambua XML kwa hali inayotambua majina hayo, kuihamisha elementi nzima ya tokeni kwenye hati mpya kwa kazi ya maktaba iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na kuiandika nje bila kupanga mistari, bila kufuta nafasi, bila kubadilisha usimbaji wa herufi. Nilipofuta ule mpangilio wa urembo na kutuma tena, huduma ilijibu kwa mara ya kwanza. Nililia. Mwenzangu wa meza ya pili alidhani nimepata taarifa ya msiba.

Tangu siku ile, katika kila mradi, faili la kwanza ninaloandika ni lile linalohifadhi baiti mbichi kwenye mazingira ya majaribio. Ninalinganisha ukubwa kabla sijalinganisha kitu kingine.

Juni tulihamia mazingira halisi, na huko nikajifunza kwamba majaribio yanaweza kukufundisha uongo. Kwenye majaribio, taasisi ilikuwa ikitoa tokeni iliyo wazi: imetiwa saini lakini inasomeka. Nikajizoesha kuichungulia. Ujumbe wetu ulitakiwa kuitaja tokeni kwa kitambulisho chake, nami nilikuwa nikikichukua humohumo ndani. Kwenye mazingira halisi tokeni ilikuja imefumbwa, kipande kizima cha herufi zisizo na maana kwangu, kimefungwa kwa ufunguo wa huduma ya malipo. Kitambulisho hakikuonekana. Siku mbili nilihangaika kutafuta namna ya kuifumbua, nikafika mpaka kuwaandikia taasisi kuwaomba ufunguo. Walinijibu kwa adabu kwamba ufunguo huo hautoki nje ya seva zao. Leo naelewa nilichokuwa nikiomba: nilikuwa kama mteja wa LUKU anayeiomba TANESCO ufunguo wa siri wa mita.

Nilipotulia na kusoma jibu lote, kuanzia juu mpaka chini, nikagundua kwamba kila nilichokihitaji kilikuwa nje ya tokeni, kimewekwa pale kwa makusudi. Kuna elementi ya RequestedAttachedReference, inayomwambia mbebaji: ukitaka kuitaja tokeni hii ndani ya ujumbe, itaje hivi. Unainakili ilivyo. Kuna TokenType inayosema ni aina gani. Kuna AppliesTo inayosema ni ya huduma ipi. Kuna Lifetime inayosema imeanza lini na itaisha lini. Waliotunga WS-Trust walijua kwamba tarishi hatakiwi kufungua barua, wakamwandikia juu ya bahasha yote yanayomhusu. Kama programu yako inalazimika kuingia ndani ya tokeni ili ifanye kazi, simama, rudi usome bahasha.

Ile Lifetime ndiyo inayonirudisha kwa mzee wa Kongwa.

Tulizindua Jumatatu. Siku ya kwanza tulifungua mchana, mizigo michache, kila kitu kikaenda vizuri. Jumanne tukaanza saa mbili asubuhi na maghala yote matatu. Kabla ya adhuhuri maombi yote yakakataliwa, moja baada ya jingine. Nikampigia ofisa wa taasisi, akaahidi kuangalia, kisha akaniandikia: "Akaunti yenu imefungwa na mfumo saa 5:20 kwa maombi kuzidi kiwango."

Logi zetu zinaandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Kwa majuma nilikuwa nimeishi ndani ya logi hizo, nikaenda moja kwa moja kwenye 05:20. Nikakuta maombi yanajibiwa bila tatizo lolote. Nikamjibu ofisa yule kwa ukali kwamba upande wetu hauna kosa, waangalie kwao. Saa nzima ilipotea hivyo, wakulima wakiwa nje. Yeye alikuwa amesema saa tano na dakika 20 asubuhi, kama Mswahili yeyote anavyosema. Hiyo ni 11:20 kwa saa ya Afrika Mashariki ya kwenye kompyuta, na ni 08:20 kwa UTC. Dakika moja ina namba tatu, na mimi nilichukua namba ya kwanza nikaipeleka kwenye daftari la tatu. Nilimwomba radhi jioni. Naye alikuwa muungwana, akaniambia tukiandikiana tena tutaje saa zote.

Nilipofika kwenye 08:20 nikaona balaa. Programu yetu ilikuwa ikiuliza hali ya malipo kila sekunde 30 kutoka kila ghala, maana yake maswali 360 kwa saa. Tokeni ya taasisi ile ilidumu dakika 60, kwa hiyo tulipaswa kuomba tokeni tatu kwa saa, moja kwa kila ghala. Tulikuwa tukiomba tokeni mpya kwa kila swali. Zote 360.

Sababu niliiona usiku, kwenye nyumba ya wageni pale Kongwa mjini, umeme umekatika nafanya kazi kwa mwanga wa kioo. Kituo kilikuwa kimeandika kwamba tokeni inaisha 09:20, na mwishoni mwa muda huo kuna herufi Z, alama ya UTC. Katika msimbo wangu niliikata ile Z kwa sababu maktaba ya tarehe niliyoizoea ilikuwa ikiilalamikia. Bila Z, 09:20 ikasomwa kama saa ya hapa kwetu. Kompyuta ya ghala ilisema sasa ni 11:20. Kwa hesabu ya programu, tokeni iliyotoka kituoni sekunde mbili zilizopita ilikuwa imekwisha muda wake saa mbili nyuma. Basi ikaitupa, ikaomba nyingine. Kwenye majaribio nilikuwa mtu mmoja ninayebonyeza kitufe mara moja moja, kwa hiyo hakuna aliyehisi kitu.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: soma muda pamoja na ukanda wake, linganisha UTC kwa UTC. Nikaongeza mengine mawili usiku ule. Tokeni ihuishwe ikiwa imebakiza dakika tano, isingojwe mpaka iishe njiani. Na maombi mawili yanayofika kwa pamoja yasiombe tokeni mbili. La kwanza liombe, la pili lingoje. Nikagundua pia kwamba programu ilikuwa ikirudia mara tatu kila ilipokataliwa, bila kusoma sababu. Kituo kikikataa, hakileti jibu la tokeni hata kidogo, kinaleta ujumbe wa SOAP Fault wenye jina la kosa ndani yake. Kama ni FailedAuthentication, kurudia hakuna faida, unajichimbia kaburi la akaunti. Soma kama ni Fault kwanza, ndipo utafute tokeni.

Akaunti ilifunguliwa Jumatano saa tatu asubuhi. Yule mzee alilipwa saa nne kasoro. Nilikuwa bado nipo, nikamfuata. Nilimwambia, "Baba, kosa la jana lilikuwa langu mimi niliyetengeneza mtambo huu, naomba unisamehe." Akanishika mkono akasema mwenye trekta amekubali kungoja. Hakusema zaidi.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, ambalo mpaka leo nikilikumbuka tumbo linavurugika.

Agosti, wakati wa kukagua kompyuta za maghala, mwenzangu alifungua faili la logi akaniita. Mle ndani mlikuwa na kila ombi na kila jibu, neno kwa neno. Uandishi huo niliuwasha mwenyewe katika zile siku tisa za Mei, na sikuuzima tulipohamia mazingira halisi. Katika majibu kulikuwa na RequestedProofToken, na ndani yake ufunguo ambao kituo kilitutengenezea ili tuthibitishe kwamba tokeni ni yetu, upo wazi. Huo ulikuwa ukifa pamoja na tokeni kila baada ya saa moja. Katika maombi kulikuwa na jina na nywila ya akaunti yetu. Hiyo haikuwa ikifa. Ilikuwa kwenye kompyuta tatu zilizo kwenye meza za maghala, ambazo yeyote anayeingia kuuliza bei ya alizeti anaweza kukaa mbele yake. Na nilipofikiri zaidi nikakumbuka kwamba mwezi Mei nilibandika jibu zima la majaribio kwenye kundi la WhatsApp la watengenezaji programu, nikiomba msaada.

Mwenzangu alisema tunaweza kufuta mafaili tukanyamaza. Nilikaa na wazo hilo usiku mmoja. Asubuhi nikamweleza kiongozi wetu, naye akaniambia niwapigie taasisi mimi mwenyewe. Walibadilisha nywila ndani ya saa moja, kisha wakatuita. Nilikwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR, iliyokuwa na majuma machache tu tangu ianze safari za Dodoma, nauli ya shilingi 31,000 kwenda tu. Njia nzima niliandaa maneno ya kujitetea, na nilipofika sikuyatumia. Walitutaka tufanyiwe ukaguzi wa usalama kwa gharama zetu, ukachukua majuma matatu, na chama cha wakulima kikakata asilimia 10 ya malipo yetu ya mwisho. Walikuwa na haki.

Kwa hiyo nasema hili kwa msisitizo wote nilionao: logi ya jibu la tokeni iandike kitambulisho cha ujumbe, aina ya tokeni, muda wa kuanza na kuisha, na jina la kosa kama lipo. Basi. Ukihitaji baiti zote, zihifadhi kwenye majaribio, kwa akaunti ya majaribio, mahali unapopajua, na uandike tarehe ya kuzifuta. Ukitaka msaada kwa watu, futa kila kilichomo ndani ya BinarySecret (ule ufunguo), Password na tokeni yenyewe kabla hujabandika. Anayejua kazi hii atakusaidia bila kuviona.

Katika ukaguzi uleule tuliliona tatizo la mwisho. Ghala moja lilikuwa likikataliwa asubuhi nyingine na nyingine halikataliwi. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, betri ya saa imechoka, na kila umeme ulipokatika usiku saa ilichelewa. Siku tuliyopima ilikuwa imechelewa dakika 12. Kila ujumbe wa usalama hubeba muda ulipoandikwa na muda wa kuisha, na wetu uliwekewa dakika tano. Huduma nayo ilivumilia tofauti ya dakika tano zaidi. Ujumbe wetu ulikuwa ukifika umekwishapitwa na vyote viwili. Kompyuta ilipaswa kujisawazisha kwa NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, lakini faiwoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao wa ghala, ilikuwa imeziba bandari 123, mlango ambao NTP hupitia, na hakuna aliyejua. Betri mpya ilikuwa shilingi 3,000 pale Majengo sokoni. Siku hizi nikienda kusimika mfumo popote, naanza na saa, kabla ya waya wowote.

Novemba ile nchi nzima ilikuwa ikisasisha mita za LUKU. Nilikwenda kwa mama, Kikuyu, kumsaidia. Ujumbe wake ulikuja na seti tatu za tarakimu 20, ziingizwe kwa kufuata mpangilio. Mama akaniuliza mbona zamani ilikuwa moja. Nikamweleza kwamba mita hizi zinahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na sehemu iliyotengwa kwa hesabu hiyo inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa hiyo mbili za kwanza zinaifundisha mita kuanza hesabu upya, na ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nibonyeze taratibu nisikosee.

Msimu wa 2025 nilirudi Kongwa kuwasha mfumo. Taasisi imetuambia inaandaa huduma mpya, lakini kwa sasa ni ileile, XML ileile. Nimebandika karatasi ukutani juu ya kila kompyuta ya ghala, yenye safu tatu: saa tunayosema, saa ya kompyuta, saa ya logi. Tokeni ya kwanza ya msimu ilifika asubuhi, dada wa ghalani akaiandika yeye mwenyewe kwenye karatasi: 3:40, 09:40, 06:40. Ya pili iliombwa dakika 55 baadaye.